Miaka Aliyoificha Mama Nekesa

Wanjiru alikufa bila homa. Ndivyo watoto wake walivyotuambia siku ya matanga, tukiwa tumeketi kwenye viti vya plastiki kule Mwiki, kila mtu na chai yake mkononi. Mtoto wake wa kwanza, Kamau, mtu mzima mwenye duka la misumari na rangi, alisimama akasema mamake hakuwa mgonjwa wa kushtua. Alikuwa na kidonda kidogo mguuni, na sukari ilikuwa inamsumbua kama kawaida. Akaacha kula, akawa analala mchana, akawa anaita watu majina ambayo si yao. "Lakini tulikuwa tunampima kila asubuhi," Kamau akasema, "na ile mashine ya kuelekeza kwenye paji la uso. Joto hakuna hata siku moja. Tukajua ni uzee tu." Watu wakaitikia: ni uzee, ni mipango ya Mungu. Mimi nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumwambia, Kamau, Mungu ana mipango yake, lakini ile mashine ulielekeza wewe. Lakini kijana amefiwa, na matanga si mahali pa kugombana.

Na bado. Akasimama Njoki, mwanamke tuliyefanya kazi naye kiwandani Thika zamani, akachukua maikrofoni akasema anataka kutuchangamsha na hadithi ya Wanjiru na kitunguu. Akaeleza vile Wanjiru na mimi tulimfichia mama mmoja kitunguu kwapani ili thermometa ipande, na vile kitunguu kilianguka mbele ya dresa, yule mtu wa dawa wa kiwandani. Hema lote likacheka. Mchungaji alicheka mpaka akashika mbavu. Wajukuu wa Wanjiru wakaniangalia, wakanionyesha kwa kidole, wakiniita bibi kwa Kikuyu, "Ni huyu cucu mwenye buibui!" Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza: na huyo mama alikuwa anaugua nini? Alipona? Hadithi ilikatwa pale inapochekesha, kama mtu anayekula mnofu na kutupa mfupa wenye utamu wote ndani. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo usitafute hapa maneno makubwa. Lakini mwaka ule niliuishi, na kwa vile wenzangu wameugeuza kichekesho, nimeona niuandike mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa wanawake watatu kwenye chumba kimoja Majengo, Thika, chumba cha udongo na mabati, kilichogawanywa katikati na leso kuukuu iliyoning'inizwa kwa kamba. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha Mama Nekesa, wa Bungoma, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu. Upande wa mlango tulilala Wanjiru na mimi, godoro moja, yeye na rozari yake na mimi na tasbihi yangu, na hatukuwahi kugombania Mungu. Tuligombania jiko. Mama Nekesa alisonga ugali mgumu ambao ungeweza kujengea ukuta, na alisema mchele ni kitu cha kula ukingoja chakula. Wanjiru alitaka kila kitu kipondwe na viazi. Mimi nikiweka bizari, wote wawili walifungua dirisha. Jirani wetu Bi Mwanaisha, mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, alikuwa anasikia kila neno kupitia ukuta, na akichoka na kelele zetu anagonga kwa mwiko: "Nyinyi watatu! Kuleni mnyamaze, hata Mungu anataka kupumzika!"

Sote watatu tulikuwa kiwanda cha mananasi, Eneo la Viwanda. Kazi yetu ilikuwa kutoa macho ya nanasi kwa kisu baada ya mashine kulimenya. Mtu akiona mkebe dukani anaona vipande vitamu. Haoni mikono. Maji ya nanasi yanakula ngozi, na glavu tulizopewa zilikuwa zimetoboka kabla hatujazivaa. Kila mwanamke alikuwa na vidole vyeupe vilivyochanikachanika kama mguu wa mtu aliyeshinda mtoni. Tulizoea. Ukiumia zaidi unaenda kwa dresa, kwenye kile chumba kidogo karibu na geti, na dresa alikuwa na sheria moja tu: thermometa. Ikipanda, unapewa ofu ya kupumzika na karatasi ya kwenda hospitali kwa gari la kiwanda. Isipopanda, rudi kazini. Hakukuuliza unaumwa wapi. Hakukuangalia uso. Alikuwa mtu mpole, nasema haki yake, na dawa za kidonda alizijua. Ila wasichana walikuwa wamemdanganya mara nyingi, na mtu aliyedanganywa sana huamini chombo kuliko binadamu. Wasichana walikunywa chai ya moto wakiwa kwenye laini, wengine wakaweka kitunguu kwapani, ati kinaleta homa. Kama kilileta homa mimi sijui. Kilileta harufu.

Sasa, Mama Nekesa alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa kichwani mwake, juu kabisa, mahali ambapo kila mtu angeiona. Kiwandani ukifika hamsini na tano unapewa mkono wa kwaheri. Mama Nekesa alikuwa ameshapita hapo zamani sana. Kitambulisho chake kilimwita mtu wa arobaini na tisa, kwa sababu alikichukua kwa chifu akiwa amejipunguzia miaka, na wakati ule chifu aliandika unachosema. Wanawe wawili walikuwa wamekufa na kumwachia wajukuu kule Bungoma, na wajukuu walikula kutoka kwenye ile mikono yake iliyochanika. Kwa hivyo kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda, taulo mabegani, na Wanjiru akampaka nywele dawa nyeusi kwa mswaki wa zamani, mpaka kwenye nyusi. Alitutaka tuape. Wanjiru akaapa kwa Bikira Maria. Mimi nikasema, "Siapi kwa Msahafu kwa sababu ya nywele. Lakini sitasema."

"Ukisema, Halima, hata kwa paka," akaniambia huku mafuta meusi yakimtiririka shingoni, "nakupatia laana ya Kibukusu, hiyo haina dawa huko kwenu."

"Na huyu paka wako anafanya kazi ofisi gani?" nikamwuliza. Wanjiru akacheka mpaka akampaka sikio.

Mvua ndefu zilipoanza, Wanjiru akachomwa na mwiba wa nanasi kwenye kidole gumba. Kidole kikavimba, na siku ya pili mwanamke akawaka. Nasema akawaka: ungeweza kukaanga yai kwenye paji lake. Alitetemeka, akalia, akamwita mamake, akamwita Yesu, akaniomba msamaha kwa vitu ambavyo sikujua amenifanyia. Ploti nzima ilisikia. Dresa aliposoma thermometa alimpa karatasi papo hapo, akadungwa sindano hospitali, usaha ukatolewa, na baada ya siku chache alikuwa amekaa kitandani akila mapera na kulalamika kwamba uji hauna sukari. Ndivyo sote tukajifunza ugonjwa ulivyo. Ugonjwa ni moto na kelele. Somo hilo lilituharibia akili.

Maana haukupita muda, Mama Nekesa naye akaumia, mwiba vile vile, kidole cha pete. Kidole kilivimba kidogo tu. Hakulia. Akasema ni baridi ya mvua. Asubuhi moja akaacha ugali sahanini, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuacha hata makoko. Kesho yake akatia chumvi kwenye chai, mara mbili, akanywa. Akaniita Nasimiyu. Nikamwambia mimi ni Halima, akaniangalia kama ninayemdanganya. Nilirudi kutoka shifti nikakuta ameweka viatu kwenye sufuria na kufunika, na amekaa kando ya jiko akingoja vichemke. Mikono yake nilipoishika ilikuwa baridi, na alikuwa anapumua harakaharaka kama mtu aliyetoka kupanda mlima, ilhali amekaa.

Na wote waliokuja kumwona walifanya kitu kimoja. Mkono kwenye paji. Bi Mwanaisha, mkono kwenye paji: "Hana homa huyu. Amerogwa." Mzee wa kanisa lake, mkono kwenye paji: "Mwili uko sawa, ni roho inasumbuliwa." Jirani wa mwisho, muuza makaa, mkono kwenye paji, halafu akanusa: "Nyinyi mnaficha. Huyu mama ameonja chang'aa." Mama ambaye hata pombe ya matanga alikuwa anakataa! Nilichoka na mikono yao. Leo ukiniuliza kitu gani kinaniudhi duniani, nitakwambia ni mtu anayegusa paji la mzee, akatoa uamuzi, akaenda zake kulala.

Wanjiru ndiye aliyekuja na kitunguu. Tulitaka karatasi ya dresa, kwa sababu bila karatasi hakuna gari, na siku ambazo hukwenda kazini bila karatasi ni kufutwa. Tukampeleka asubuhi, mmoja kila upande, kama tunambeba harusini. Kitunguu kilikuwa kimekatwa nusu, kiko kwapani chini ya sweta. Dresa akamwekea thermometa kwapa la pili, akasoma, akaitikisa, akarudia.

"Huyu ni baridi kunishinda mimi," akasema. "Na nini hii nasikia? Mmekuja kupika hapa?"

Hapo Mama Nekesa akainua mkono kumwamkia mtu ambaye hayupo, na kitunguu kikaanguka, kikabingirika mpaka chini ya meza. Njoki alikuwa mlangoni akingoja zamu. Ndipo hadithi yake ilipoanzia na ndipo ilipoishia. Yeye hakusikia dresa akisema, "Mara hii mmeniletea mlevi na kitunguu? Mpelekeni nyumbani alale, na akirudi hivi nitamwandikia barua ya onyo." Hakuona vile Mama Nekesa alisimama getini bila kujua mlango wa kutokea ni upi.

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa yule muuza makaa, juu ya gunia, akiwa amefungwa leso kichwani, tukaenda hospitali kwa kusukuma. Kulikuwa na foleni ndefu. Mbele yetu alikuja msichana aliyejifungua juzi, amebebwa na mumewe, anachomeka kwa homa, anapiga kelele. Nesi akamgusa tu akapiga ukelele na wakamkimbiza ndani. Sikumwonea wivu. Alihitaji. Lakini nilimwangalia Mama Nekesa amejikunja kwenye benchi, kimya, mwenye adabu, na nikajua adabu hiyo itamwua.

Daktari wetu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akauliza ana nini. Wanjiru akaeleza viatu na chumvi.

"Umri?"

"Arobaini na tisa," Wanjiru akasema, haraka, kama mtoto wa katekisimu.

"Joto hakuna. Malaria hatujaona. Kidole hiki hakijavimba sana." Akaweka kalamu mezani. "Mama, mtu wa miaka arobaini na tisa, hana joto, anaropoka saa nne asubuhi, mimi nauliza kwanza alikunywa nini jana. Mkalisheni pale, tutamwona tena mchana."

Wanjiru akaniangalia. Mimi nikaangalia ile leso kichwani. Nilijua ndani yake kuna nini, na nilijua nikifungua mdomo ni nani atakosa unga kule Bungoma. Watu wanapenda kusema walipasuka moyo. Mimi nilikasirika tu. Niliwakasirikia wote: kiwanda, chifu, Mama Nekesa mwenyewe na mswaki wake.

"Daktari," nikasema, "hiyo miaka ni ya kiwanda."

"Miaka ya kiwanda ni nini?"

"Ni ya kuandikiwa kazi. Ya kuzaliwa ni ingine."

"Ingine ni mingapi?"

"Sijui. Lakini wanaume wao walipochukuliwa kwenda vita vya Burma, huyu alikuwa ameshaolewa. Alimpelekea bwanake chakula mpaka kwenye lori."

Kutoka kwenye benchi, yule mama ambaye kwa siku kadhaa hakuwa ametoa neno moja lenye kichwa na miguu, akainua uso akanitazama sawasawa. "Mchongezi," akasema. Kwa sauti safi kabisa. Halafu akarudi kwenye kuropoka kwake.

Daktari alishasimama. Akamfunga ile mashine ya presha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena, na uso wake ukabadilika. Akaita nesi kwa jina. Wakamtia dripu mikono yote miwili, wakamwekea oksijeni, wakamdunga dawa hata kabla ya kitanda kupatikana, na kitanda kilipopatikana kilikuwa kile cha karibu na meza ya manesi, cha wagonjwa wa kuangaliwa kila saa. Wakati huo kwetu hakukuwa na chumba kingine cha zaidi ya hapo. Kitanda cha pili yake alikuwa yule msichana wa kujifungua, bado anachomeka.

Daktari alipopata nafasi alituita kando, na alikuwa na hasira. "Mngesema hivyo mlangoni. Mmenipa mtu ambaye hayuko, mimi nikamtibu huyo." Halafu akatueleza, na nilimlazimisha arudie. Akasema huyu mama na yule msichana ugonjwa wao ni mmoja: uchafu umetoka kwenye kidonda ukaingia kwenye damu. Lakini mwili si mmoja. Kijana mwili wake unapigana kwa moto, unamwona. Mzee mara nyingi hana kuni za kuwasha huo moto. Anapoa, anaacha kula, anapumua mbiombio, anachanganyikiwa, na hiyo ndiyo homa yake. Mtoto mchanga naye anaweza kuwa baridi kama jiwe la mtoni na huku anakwisha. Mwenye sukari kidonda kinaoza na hata hakimuumi. "Mzee akianza kuropoka ghafla," akasema, "usingoje joto. Kimbia."

"Sasa thermometa ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya kuuliza swali. Si ya kujibu yote."

Wanjiru alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine. Aliyasikia hayo maneno yote, mpaka hilo la sukari, kwa masikio yake. Na akaishi, akazaa, akazeeka, akapata sukari, na watoto wake aliwahadithia kitunguu. Kitunguu! Ningekuwa naweza kumfufua ningemfufua nimgombeze, halafu nimrudishe.

Msichana wa kujifungua aliondoka wiki ileile, amempakata mtoto wake, na kwa furaha yake hata kwaheri hakutuaga. Mama Nekesa alibaki. Figo zilisumbua, mapafu yakasumbua, kidole kikakatwa. Kulikuwa na siku ambazo nesi alitutazama tukiingia kisha akaangalia pembeni, na tulijua. Tulimletea uji wa wimbi kwenye chupa, tukamlisha kwa kijiko, ukatoka upande wa mdomo. Polepole uji ukaanza kuingia. Siku moja akaniambia uji umeungua. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikashukuru Mungu kwa uji ulioungua.

Lakini hospitali hakuna Jumamosi ya mswaki. Wanjiru alikuwa amemfunga ile leso, akaifunga tena na tena, na manesi wakaifungua kila wakimwosha. Wanawake wa kiwandani walikuja kumjulia hali na supavaiza akiwa nao, wamebeba ndizi, na wakamkuta ameketi kitandani, kichwa wazi, cheupe pee kama pamba ya mto, na nyusi pia. Supavaiza akampa ndizi kwa mikono miwili, vile unavyompa bibi yako. Hapo nikajua kazi imekwisha.

Na ikaisha kweli. Alipopata nguvu ya kutembea mpaka getini alipewa mkono wa kwaheri. Akarudi chumbani, akaketi kwenye kigoda, akaniangalia.

"Wewe nani alikutuma kunihesabia miaka?"

"Ungekufa, mama."

"Ungeniacha nife na arobaini na tisa yangu."

"Ungekufa na sitini na kitu. Kaburi halisomi kitambulisho."

"Na watoto wale watakula nini? Watakula hiyo midomo yako?" Wanjiru akataka kuingilia, nikamkataza. Mama Nekesa alikuwa na haki ya hasira yake. Alilipia kwa kidole. Tulimfungia sanduku, tukabeba mpaka basi la magharibi, akamkumbatia Wanjiru, akapanda. Mimi hata mkono hakunipa.

Nilipata habari zake kidogokidogo. Wajukuu wakubwa walikwenda kulima mashamba ya watu, mmoja aliacha shule, na hilo nalo liko kwenye hesabu yangu, silikatai. Lakini kila Disemba, mtu wa Bungoma akirudi Thika, alikuja Majengo na mfuko mdogo wa wimbi wa Wanjiru, na mimi sikuletewa mfuko. Mimi niliambiwa: "Mama Nekesa amesema, mwambie yule mchongezi bado sijamsamehe." Mwaka ukaisha, Disemba nyingine, "bado hajakusamehe." Wajukuu wakaoa, bado. Kila mara niliuliza aliyeleta, "Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake?" Akajibu, "Kwa mdomo wake, na ule mkono wa vidole vinne akiutingisha hivi." Basi nilimpa kiti, nikamwekea chai, na nikamwambia akirudi huko amwambie mama aendelee kukasirika, asichoke.